Waliolala Kwenye Udongo wa Maji

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ungeanza kwa kuuliza habari za mvua, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza: mwaka huu imenyesha kwa adabu. Mto umejaa bila kutufukuza, mpunga wa Katindiuka umesimama vizuri, na kaburi lako halijatitia. Nimelipaka chokaa upya mwanzoni mwa mwezi.

Ila shamba lako, lile linalopakana na makaburi, limepungua kipande, na aliyekikata ni mimi. Ndiyo maana nakuandikia. Nimeamua barua hii isomwe na yeyote, kwa sababu huku kwetu, kuanzia hapa Ifakara mpaka Malinyi, kuna wanawake wengi ambao jambo hili ni lao kama lilivyo langu. Lakini wa kwanza kuambiwa ni wewe. Shamba lilikuwa lako.

Ulipotuacha, makaburi yetu hayakuwa na mpaka. Mtu alitoka kwenye misalaba akaingia kwenye mpunga bila kujua amevuka wapi. Sasa mji umetufikia. Viwanja vinapimwa mpaka ukingoni mwa mfereji, na kule tulikokuwa tukiokota kuni kuna nyumba za bati na duka la vocha. Mtaa ukaona kuwa tukichelewa, siku moja mtu atajenga choo juu ya babu yake. Tukaambiwa makaburi yote ya zamani yaandikwe na yazungushiwe vigingi kabla mtu wa ardhi hajaja kuchora mpaka. Kitakachobaki nje ya vigingi kitapangiwa matumizi mengine.

Ikaundwa kamati. Ilikuwa ya wanaume watupu, mpaka walipokumbuka kwamba wanahitaji mtu wa kuandika. Nikawa katibu. Mwandiko huu uliulipia wewe kwa mpunga, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikamaliza sekondari. Ungefurahi kuuona unafanya kazi, hata kama ni kazi ya kuandika marehemu.

Niliweka utaratibu wangu. Tunasimama kwenye kaburi, anaitwa ndugu mmoja na jirani mmoja, kila mtu anataja jina bila kusikia la mwenzake, na yakifanana ndipo naandika. Kisha tunapiga picha kwa simu na kukipaka rangi nyeupe kijiwe cha kichwani. Makaburi ya karibuni hayakusumbua. Yaliyosumbua ni yale ya zamani huko mbele, ya matofali ya kuchoma yaliyolala upande, na yale ambayo msalaba umeliwa na mchwa ukabaki msumari. Hapo tulimhitaji Mzee Kasiani, mtani wetu, kwa sababu unakumbuka watani ndio waliokuwa wakichimba.

Unamjua Kasiani. Hajabadilika. Tulipofika kwenye kaburi la yule mzee wa Kivukoni aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi, Kasiani alikunja mikono.

"Huyu nilimchimbia mimi, juani, na hamkunipa hata mguu wa kuku. Jina lake silitaji."

"Mzee Kasiani, tuna kazi," nikamwambia.

"Na mimi siku hiyo nilikuwa na kazi, shemeji. Nyie mnalia na kunywa chai, mimi nachimba. Andika hivi: hapa amelala mchoyo, na ndugu zake wamerithi."

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika goti. Kisha Kasiani akavua kofia, akataja jina lote, la baba yake na la ukoo wake, na mwaka ule wa mafuriko jeneza lilipobebwa kwa mtumbwi. Nikaandika. Tulikwenda hivyo kwa majuma, safu baada ya safu, na jioni nikawa najaza shajara yangu kama kawaida: siku, safu, aliyesema, aliyebisha. Nilijiona ninafanya jambo zuri, lililokamilika.

Halafu kikaja kikao cha ng'ombe.

Baba Kulwa, yule mfugaji wa Kisukuma mwenye boma ng'ambo ya mfereji, alifika kwenye kikao cha kamati kwa unyenyekevu kabisa. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake. Akasema, "Wazee wangu, ng'ombe wangu wanakanyaga wazazi wenu wakienda kunywa maji. Mimi mwenyewe naona aibu. Nipeni njia, niwafunze ng'ombe kupita hapo tu."

Lilikuwa ombi jema, mama. Kila mwaka tunagombana kwa sababu ya misalaba iliyoangushwa, na mwaka juzi nusura watu washikane kwa fimbo. Mwenyekiti akanyoosha kidole upande wa chini, kwenye ile kona ya bondeni ambako mfereji unavuja na majani yanakuwa mabichi hata kiangazi.

"Pale pako wazi," akasema. "Hakuna kaburi hata moja. Mnasemaje?"

Wote wakakubali. Mmoja akasema hata wazee wa zamani hawakuwa wajinga kiasi cha kuzika mtu kwenye maji. Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika: kona ya chini, eneo wazi, njia ya mifugo."

Nilishika kalamu, mama, na mkono ukakataa.

Wewe unajua kwa nini. Wao hawakujua, na mimi mwenyewe nilikuwa najua nusu. Nilikuwa na sentensi yako moja tu, uliyonipa asubuhi ile na hukuirudia tena.

Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, aliyekuja wakati wa mavuno. Hakufika kutolewa nje. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka. Alfajiri ile ulimchukua mikononi mwangu ukiwa umevaa nguo za shamba, ukamfunga kwa kanga yako ya bluu, na nje nikasikia sauti za chini za wanawake wenzako. Hamkwenda na koleo wala wanaume. Mlikwenda na majembe ya palizi, kama wanawake wanaowahi kivuli shambani, na aliyewaona njiani hakuwa na sababu ya kuuliza. Baba alikaa upande wa pili wa nyumba akishona wavu wake. Mume wangu aliambiwa akakate kuni. Mimi sikuruhusiwa kunyanyuka.

Uliporudi jembe lilikuwa limeoshwa. Nikakuuliza, "Mama, mmemlaza wapi?"

Ukasema, "Amelala penye ubaridi. Kunywa uji."

Basi. Hapakuwa na matanga, wala mkeka uani. Nilikunywa uji. Wakaja wadogo zake, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na watu wakaniita Mama Edina kwa jina la aliyemfuata. Kwa miaka mingi nilikasirika na wewe kimyakimya. Kila Novemba tulipokuja kufyeka makaburi ya ndugu, ulinionyesha la bibi, la shangazi, hata la yule mjomba aliyeuza baiskeli yako, na nilikuwa najiuliza: anajua makaburi yote haya, na lile langu haniambii. Nilidhani umesahau. Au uliona hakuwa mtu wa kutosha. Sasa nakuambia hivyo waziwazi kwa sababu huwezi tena kunikatisha.

Penye ubaridi. Katika makaburi yale yote, udongo wa baridi uko mahali pamoja tu.

"Katibu?" mwenyekiti akasema.

"Tuna hakika hapana mtu pale?" nikauliza.

Kasiani akadakia, "Yuko kambale, shemeji. Ndugu yenu upande wa mama. Mwandike."

Wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, maana mtani ni mtani, lakini sikuandika. Nikasema utaratibu wetu unataka mashahidi wawili hata kwa mahali patupu, na mashahidi hao sijawasikia. Mwenyekiti akakuna kichwa. Mtu wa ardhi angekuja Alhamisi. Akanipa mpaka Alhamisi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo Skola. Katika wale wanawake wa asubuhi ile amebaki yeye tu, na magoti yamemchoka, ingawa mdomo haujachoka. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kinu kilicholala, nikamweleza habari ya kona na njia ya ng'ombe.

Ungo ukasimama.

"Nani kasema pako wazi?"

"Kamati."

"Kamati ina matiti?"

"Mama mdogo, na wewe!"

"Nauliza tu. Mwanamume atayajulia wapi ya kule?" Akaanza tena kupepeta, kwa nguvu, makapi yakanirukia usoni. "Pale wamejaa. Wa kwangu wawili. Wa jirani zangu. Na wa wale waliokuwa wanaletwa kwa pantoni kutoka ng'ambo, mto ulipokuwa hauna daraja. Mtoto ambaye hajatoka nje anatakiwa apoe. Ukimweka juu kwenye udongo mkavu, tumbo la mama yake nalo linakauka. Ndivyo tulivyokuta. Wewe ulizaa tena au hukuzaa?"

"Nilizaa."

"Haya."

Nikamwomba aje Alhamisi aseme maneno hayohayo. Akaweka ungo chini kabisa.

"Siji. Mambo haya hayasemwi mbele ya wanaume, tena yaandikwe kwenye madaftari ya serikali. Nisimame peke yangu pale, bibi kizee, niseme tulikuwa tunakwenda na watoto gizagiza tukirudi mikono mitupu? Si nitaitwa mchawi?"

Alisema kweli. Tumewahi kuona vikongwe wakisumbuliwa kwa madogo kuliko hayo. Kisha nikauliza lile lililonileta hasa, na sauti yangu ikatoka kama ya msichana. "Na wangu ni upi?"

Hakuniangalia. "Hawana upi. Tuliwalaza ili wasiwe wa mtu mmoja. Mama akionyeshwa mahali, atahamia hapo. Mama yako ndiye alikuwa mkali kuliko sisi wote. Alisema, anayejua pa kulia hatajua pa kuamkia."

Mama, nilirudi nyumbani na maneno hayo nikayaandika, na chini yake sikuweza kuandika kitu kingine. Kumbe hukusahau. Ulikuwa unashikilia mlango kutoka nje ili nisirudi ndani. Sijui bado kama ulifanya sawa. Mimi ningependa kuonyeshwa. Lakini hasira ile niliyoibeba muda wote, nilipoitafuta usiku ule sikuiona mahali pake, na nikabaki natafuta kama mtu aliyepoteza funguo zilizomo mkononi.

Siku zilizobaki nilizitumia kutembea. Nilikwenda kwa wanawake mmoja mmoja, kwenye palizi, kisimani, kwenye mashine ya kukoboa. Sikumwomba yeyote aseme jina wala kukiri jambo. Niliwaambia tu kwamba Alhamisi asubuhi kona ya bondeni inahitaji kupaliliwa, mwenye jembe aje. Wengine waliniangalia wakaelewa. Wengine walisema wana kazi, na nikajua wameelewa pia. Mama Kulwa, mke wa yule mfugaji, alinisikiliza akiwa anakamua, akaendelea kukamua. Nikajilaumu: nimekwenda kuharibu njia ya mume wake, halafu ninamwambia yeye.

Alhamisi mtu wa ardhi alikuja na pikipiki, kijana mpole mwenye mabuti yasiyo na tope. Kamati nzima ilikuwepo, na Baba Kulwa na fimbo yake. Vigingi vilikuwa vimerundikwa chini. Tulipofika kona ya bondeni tulikuta wanawake wamekwisha simama humo, maji yamewafika vifundoni, majembe begani. Mama mdogo Skola alikuwa mbele, ameegemea jembe lake kama mkongojo. Alinikazia macho kunikumbusha kwamba alisema haji.

"Jamani, kuna nini?" mwenyekiti akauliza.

"Tunapalilia," akasema Skola.

"Mnapalilia nini, mama? Hapa hapana kitu."

"Kwenu hapana. Kwetu pana watoto."

Wanaume wengine waliangalia chini, na nikaona usoni mwao kwamba kila mmoja alikuwa anakumbuka asubuhi fulani alipotumwa kukata kuni.

Mtu wa ardhi akauliza kwa heshima, "Shikamooni. Ni makaburi mangapi, na ya akina nani? Nikiandika bila jina wataniuliza."

Hapo ndipo Mama Kulwa alipopenya kutoka nyuma. Nilikuwa sijamwona. Alikwenda akasimama mbele ya mumewe, maji yakimtiririka miguuni.

"Baba Kulwa, hapa ng'ombe hawapiti."

"Mama Kulwa, hayo ni ya wenyeji, turudi nyu..."

"Watu wote hapa wananiita Mama Kulwa. Kulwa wanamwona, anachunga. Nani amewahi kuniuliza Doto yuko wapi?" Akageuka kwetu. "Sisi tukizaa mapacha, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Doto wangu hakukaa. Tulikuwa wageni, hatuna hata mtu. Mama yake huyu," akaninyooshea mkono, "alikuja bomani na jembe. Akaniambia, na sisi tunawalaza kwenye maji. Kama kwetu tu, sisi Wasukuma."

Mama, hukuniambia na hilo.

Baba Kulwa alisimama akiangalia majani yale mabichi. Alijua mwanawe alikufa. Hakujua alilala wapi, na alikuwa amekuja na fimbo kuomba njia ipite juu yake. Akavua kofia. Kasiani, ambaye kazi yake ni kutuchekesha tunapofiwa, alikohoa mara kadhaa kabla hajapata la kusema.

"Basi ng'ombe wazunguke," akasema. "Wao wana miguu minne. Sisi wa miwili tumezunguka miaka yote."

Watu wakacheka kwa kukosa pumzi, na baadhi ya wanawake waliokuwa hawajawahi kulia hadharani kwa ajili ya watoto hao wakaanza kulia hapohapo, katikati ya kicheko.

Lakini kuzunguka kulihitaji mahali. Juu kuna misalaba, kulia kuna viwanja vya watu. Kushoto kuna shamba lako. Kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja, na mimi niliona kigingi cha kwanza kinavyonisubiri. Ni ile sehemu ya chini, mama, yenye rutuba kuliko zote, uliyokuwa ukiisifu kwa wageni. Nikasema njia ipite pale. Upana wake ni wa ng'ombe wawili kupishana. Baba Kulwa akaahidi kuzungushia boma la miiba upande wa mpunga, na ameshazungushia, kazi nzuri. Mwaka huu magunia yatapungua. Ukiniuliza kama niliumia, niliumia. Mpaka leo nikipita naangalia upande mwingine.

Kuhusu majina, mtu wa ardhi na mimi tulikaa juu ya mzizi tukafikiri. Utaratibu wangu wote ulikuwa umeshindwa: hapakuwa na mashahidi wawili wa kaburi lolote, kwa sababu wanawake wote wale walikuwa mashahidi wa kona nzima. Mwisho nikaandika mstari mmoja uliokata ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo: Kona ya chini, watoto, waliozikwa na mama zao na majirani. Akausoma, akasema utapita. Vigingi vikapigwa upande wa nje, vikaikumbatia kona yote pamoja na mfereji wake.

Wanaume walipoondoka, Skola akasema tulikuja kupalilia, kwa hiyo tupalilie. Tukajipanga mstari kama kwenye mpunga. Yeye ndiye aliyegawa ngwe, kila mwanamke kipande chake, akielekeza kwa mpini wa jembe: wewe hapa, wewe pale. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama pembeni karibu na mfereji. Akanitoa.

"Wewe njoo huku."

Akaniweka katikati, na yeye akachukua ngwe iliyo kando yangu. Tukaenda tumeinama, majani yakitoka kirahisi kwa sababu ya maji. Tulipofika karibu na kituta kidogo chenye nyasi fupi, yeye akasimama. Alijifanya anaondoa tope kwenye jembe. Aliangalia upande wa mto, muda mrefu, kama mtu asiyenijua.

"Hapo," akasema, bado anaangalia mto, "palilia taratibu."

Niliweka jembe chini, mama, nikapalilia kwa mikono.

Pumzika. Mpunga uliobaki nitauangalia.

Ni mimi, binti yako.